Waliotoka na Joto

Gunia lililolowa lina harufu yake. Si nzuri na si mbaya. Ni harufu ya katani, ya vumbi lililokunywa maji, na kitu kama mate ya ng'ombe. Nimekaa na mtungi uliovishwa gunia hapa kwangu Lodwar miaka yote hii na pua yangu haikuwahi kunisumbua. Lakini wiki niliyorudi kutoka Kakuma kumzika dada yangu Akai, mjukuu wangu Amoni alimwagia lile gunia maji, na upepo ukaniletea harufu usoni. Nikaketi mchangani kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Nyanya, ni jua?" Amoni akauliza.

"Ni Akai," nikamwambia.

Hakunielewa, na singemlaumu. Nyinyi wa umri wangu ndio mtakaonielewa, nyinyi mliozaliwa wakati nyumba ilikuwa ngozi na matawi, na maji yakinuka chombo yalimobebwa.

Nianze na kaburi, kwa sababu ndilo linaloniwasha. Tulipomzika Akai, kaka yetu Ewoi hakumwekea tumbaku. Kwetu mtu akilala, mkubwa wa nyumba yake humwekea tumbaku kidogo tu kaburini, aende bila kinyongo na asituachie kinyongo. Ewoi ndiye mkubwa wa nyumba ya baba sasa. Alisimama pale na fimbo na kigoda chake, kikopo cha tumbaku kikining'inia shingoni, na mkono wake haukusogea. Watu waliona. Watoto wa Akai waliona. Nikamsogelea nikamwambia, "Ewoi, weka." Akanijibu bila kunitazama, "Neno la baba bado lipo." Basi dada yangu amelala Kakuma kama mgeni aliyeokotwa barabarani, na mtu mmoja tu duniani anaweza kuliondoa hilo, na mtu huyo ni mzee, na ni mkaidi.

Hilo neno la baba nililisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota.

Tuliishi kando ya mto mkavu, upande huo wa Kakuma, mahali penye mikoma mingi. Maboma yalikuwa mengi. Sisemi mangapi. Kwetu mtu hahesabu mifugo wala watoto, na baba angenichapa kwa kujaribu tu. Yalikuwa mengi kiasi kwamba jioni hukuweza kumsikia mama yako akikuita, kwa sababu kila mama alikuwa anaita. Kulikuwa na moshi, na watoto wa mbuzi wakililia maziwa, na vijana wakirukaruka na kuimba majina ya madume yao, na mzee fulani anagombana na mke wake kila siku kwa jambo lile lile. Ungelala katikati ya hizo kelele kama umefunikwa ngozi ya pili.

Moto wetu haukuzimika, kwa sababu haukuwa wetu peke yetu. Ukifa kwenu, mtoto anatumwa na kigae kwa jirani, anarudi na kaa, mama anapuliza, mambo yamekwisha. Kesho jirani anakuja kwenu. Lakini mimi sikujua hivyo. Nilidhani moto ni kama mbuzi, una mwenyewe, na mwenyewe wa moto wetu ni Akai, kwa sababu ndiye nilimwona akiupuliza kila asubuhi mpaka macho yanatoka machozi.

Akai alikuwa mrefu, shanga zimempanda mpaka kidevuni, na alikuwa na kelele. Akicheka, punda waligeuka. Alikuwa wa kwanza kuamka, wa kwanza kisimani, wa kwanza kutukana. Mimi aliniita Tumbo la Punda. "Tumbo la Punda, njoo unywe kabla sijampa mbwa." Nilimpenda kuliko mama. Sioni haya kusema, mama mwenyewe alijua.

Na baba. Baba alikuwa na kazi moja jioni, kuketi kwenye kigoda na kutazama vumbi. Mifugo ikirudi, vumbi linatangulia, na baba analisoma likiwa bado mbali, kabla ya pembe moja kuonekana. "Leo wameshiba." Ama, "Leo wana kiu." Ama anasimama ghafla, "Kuna kitu kimewatisha," na vijana wanachukua mikuki. Hakukosea. Siku moja nikamuuliza ameona mbuzi gani mpaka akajua wameshiba. Akanicheka.

"Mbuzi? Mimi sijaona mbuzi hata mmoja."

"Sasa umejuaje?"

"Mmoja anakimbia, mwingine analala, mwingine anapanda mti. Mbuzi ni wajinga, kila mmoja ana yake. Lakini vumbi la wote halina ujinga."

Na kengele hivyo hivyo. Ukitega sikio kwa kengele moja inakupoteza. Ukiziacha zote ziingie pamoja, unajua hali ya mifugo kama unavyojua hali ya mtoto ukimshika paji la uso. Shikeni hilo la vumbi, nitalirudia.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa tena. Ng'ombe wakafa kwanza, halafu kondoo, halafu hata mbuzi, ambao hula mpaka ndala. Vumbi la baba likakonda. Mwanzo lilikuwa kama ukuta, likawa kama moshi wa boma moja, likawa kama mtu anayekung'uta nguo. Baba aliendelea kuketi pale kila jioni kulitazama, na hakusema tena wameshiba ama wana kiu. Aliketi tu.

Asubuhi moja Akai akasema mbele ya wote, "Kakuma wanapikia watu uji. Sufuria kubwa kama zizi."

"Uji wa kupanga mstari," baba akasema.

"Tumbo halijali mstari, baba."

"Binti yangu haendi kuomba."

"Basi mtoe huyu anayekwenda, usimwite binti yako mpaka arudi ameshiba."

Mama akafunika mdomo. Ewoi, ambaye alikuwa kijana wa kuchunga, akatazama chini. Hakuna aliyejibiwa hivyo na mtoto wake akakaa kimya, lakini baba alikaa kimya. Sasa najua alikuwa na njaa.

Akai akajiandaa kama watu wetu wanavyojiandaa kwa safari. Akachukua kigae, akapanga mavi makavu ya punda, akaweka juu yake kaa kutoka kwenye moto wetu, akalifunika na mavi mengine. Hivyo kaa linalala bila kufa, na unaweza kutembea nalo mchana kutwa. Akapita nilipokuwa nimeketi, akanibana shavu kutazama pengo la meno yangu.

"Angalia moto, Tumbo la Punda. Nitarudi haya yakiota."

Nikamtazama akiondoka mtoni, mrefu, mkono mmoja ukishika kigae mbele ya kifua, na moshi mwembamba ukimfuata begani. Nikaona kwa macho yangu: Akai anaondoka na moto.

Kutoka hapo kila kitu kilipoa. Nasema kilipoa nikimaanisha kilipoa. Nilienda kuweka mkono kwenye ngozi aliyolalia, ilikuwa baridi. Wale vijana wa kuruka na kuimba wakaenda ziwani kwa watu wa samaki, jambo ambalo mchungaji wa mifugo alikuwa akilisema kwa aibu. Wanawake wenye miguu ya nguvu wakafuata. Yule mzee mgomvi akabaki, mke wake akaenda, na jioni hatukuwasikia tena. Aliyeweza kwenda alienda. Waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa, mama wenye watoto wa kunyonya, na sisi wenye miguu kama vijiti. Jioni sasa ulisikia mama mmoja akiita, na baadaye hata huyo hakuita, kwa sababu mtoto alikuwa amelala miguuni pake na hana nguvu ya kupotea.

Mimi nilikuwa na jibu langu la kitoto. Akai ametoka na moto, na moto ulikuwa na mwenyewe, na kwa hivyo baridi yote hii ni ya Akai. Niliota anarudi, anamimina kaa chini, na kelele zote zinawaka tena.

Watu wa kuja hawaamini kwamba Turkana kuna baridi. Ipo. Asubuhi kabla ya jua, upepo ukitoka mlimani, inaingia kwenye mfupa usio na nyama. Asubuhi kama hiyo mama aliamka akakuta majivu matupu. Akapeleka mkono ndani kabisa, akautoa mweupe. Akanipa kigae. "Kimbia."

Nikakimbia boma la kwanza, miiba ya ua ilikuwa imeanguka, hakuna mtu. La pili hakuna mtu, majivu yalikuwa yamepeperushwa mpaka mawe yameonekana. Njiani kwenda la tatu nikamwona bibi mmoja wa jirani anakuja upande wangu polepole, akijishika mgongo. Tukakaribiana. Na yeye alikuwa ameshika kigae.

Tukasimama. Akatazama changu, nikatazama chake.

"Nilikuwa nakuja kwenu, mwanangu," akasema.

Mimi nimeona mambo mengi maishani. Nimezika mume, nimezika watoto. Lakini nikiulizwa ni siku gani nilijua dunia inaweza kwisha, nitasema ni pale, mimi na yule bibi na vigae viwili vitupu.

Nikarudi. Baba akatoa vijiti vya kupekecha moto. Hakuwa na mikono tena, ilikuwa imebaki ngozi na mishipa, kwa hivyo Ewoi akachukua, akapekecha. Baba alishika kile cha chini, Ewoi akazungusha cha juu. Moshi ukaja, harufu ya moshi, mama akaweka nyuzi za mkoma, akapuliza, moshi ukafa. Wakaanza tena. Moshi ukaja, ukafa. Viganja vya Ewoi vikatoa damu na damu ikalowesha kijiti, na kijiti kilicholowa hakitoi moto. Ndani ya nyumba mdogo wetu, yule wa kunyonya, alikuwa analia kidogokidogo. Halafu hakulia.

Jua lilipotoka likawa kali kama kawaida yake, kana kwamba halikuchelewa.

Baba mwenyewe alimfukia mdogo wetu. Alisukuma mchanga kwa mguu, polepole, kwa kuwa kuinama kulimshinda. Kisha akaketi kwenye kigoda, akatazama upande ambao vumbi lingekuja, na hakukuwa na vumbi, akasema, "Akai alitoka na moto wa nyumba hii. Jina lake lisitajwe kwangu tena, nikiwa hai wala nikifa." Ewoi alikuwa ameketi na viganja vyake vimefunguliwa juu ya magoti. Akaitikia. Mimi ndani ya moyo wangu niliona baba amesema kweli, kwa sababu mimi nilikuwa nimejua hivyo tangu mwanzo.

Tulitembea kwenda Kakuma, wale tuliobaki. Safari siikumbuki, naikumbuka nyayo za Ewoi mbele yangu. Ninachokumbuka ni lori. Lilisimama kando ya barabara, na mbele yake, kwenye chuma cha kifua chake, kulining'inia mfuko wa turubai uliojaa maji, umelowa nje, unadondoka tone, tone. Harufu ni ile ile ya gunia langu. Nikasogea nikaweka shavu. Baridi yake ilinifanya nirudi nyuma. Lori lilikuwa la moto, chuma kinaunguza, jua liko juu ya vichwa, na huo mfuko uko baridi kama yule mdogo wetu. Nikajua kuna mtu mle ndani. Ewoi naye akaja akaweka kiganja chake kilichochubuka, akakiacha pale muda mrefu.

"Msiogope, ni maji tu," dereva akasema, mtu wa kutoka Kitale.

"Nani ameyapoza?" Ewoi akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota.

"Upepo."

Tukamwona ni mwongo. Upepo ulikuwa wa moto.

Hapo ndipo Akai akatuona. Alikuja mbio na bakuli la uji, akafika akanishika shavu kwanza, na meno yangu yalikuwa yameota. Akayatazama, akakosa neno. Mara ya kwanza nilimwona amekosa neno. Akamgeukia baba, akamsalimu. "Ejok, baba." Baba akatazama juu ya kichwa chake, kama mtu anayetazama vumbi la mbali. Akai akadhani hakumsikia. Akakimbia kwenye kibanda chake cha makuti, akarudi ameshika kile kigae mbele ya kifua na mikono miwili.

"Baba, moto wa nyumba huu hapa. Haujafa hata siku moja. Nimeutunza."

Ulikuwa hai. Alipouinamia akapuliza, ukawa mwekundu. Akauweka chini mbele ya baba, kwa heshima, kama mtu anavyoweka chakula.

Baba akanyanyua ndala yake ya tairi akasukuma mchanga juu yake. Polepole. Kama alivyomfukia mtoto.

Uji ulipoa mikononi mwa mama. Akai alipiga magoti akachimba mchanga kwa vidole, akawa anapuliza, anachimba, anapuliza, na kaa moja dogo lilikuwa bado lina jicho jekundu.

Tangu siku hiyo moto wa Akai haukuzimika. Aliolewa na barabara, ndivyo walivyomtania, maana alikaa kando ya barabara ya mabasi akiuza chai mpaka juzi. Kakuma ikafurika watu, wa Sudan, wa Somalia, wa Kongo, kila mtu na vita vyake, wote walikunywa chai kwake na walimwita Mama Moto. Baba alikufa hajataja jina lake. Ewoi akabaki Kakuma, nyumba yake iko karibu kiasi kwamba harufu ya chai ya Akai ilimfikia kitandani, na hakuinywa. Alivuka barabara akanywa ya mwenye duka mmoja, chai mbaya, nimeionja, maji ya kuosha vikombe yana ladha kuliko ile. Akai alikuwa akimwona anavuka. "Mwache," aliniambia. "Siku moja atachoka na ile takataka." Ewoi hakuchoka. Akai ndiye aliyechoka. Nilipofika kwa mazishi, jiko lake lilikuwa majivu, nikapeleka mkono ndani, nikautoa mweupe.

Sasa mnajua kwa nini niliketi mchangani.

Amoni alikuja akaketi kando yangu. Huyu ni wangu, nitajisifu bila haya, mimi niliyeishia darasa la pili. Anasoma fizikia chuo kikuu, mtoto wa kike, na vitabu vyake ukivibeba utaumwa bega. Alikuwa nyumbani kwa likizo. Nikamweleza yote, mfuko wa lori, kigae, baba. Alisikiliza bila kugusa simu, jambo la ajabu. Nikamuuliza swali ambalo Ewoi alimuuliza dereva. Nani hupoza maji ya gunia?

"Upepo, Nyanya. Yule dereva hakudanganya."

"Nieleze kama mtu, si kama kitabu."

Akachota maji kwa kiganja. "Haya maji ni vitu vidogo sana. Huwezi kuviona, ni vingi kuliko mchanga wa mto Turkwel. Kila kimoja kinakimbia. Kingine mbio, kingine polepole, vinagongana. Sasa hakuna kimoja chenye joto."

"Hakuna?"

"Hakuna. Kimoja peke yake hakina joto wala baridi. Joto ni zile mbio za vyote vikiwa pamoja. Hatuwezi kujua kila kimoja kinafanya nini, na hatuhitaji. Tunajua vyote kwa pamoja vinafanyaje, na hapo hatukosei."

Nilikuwa namwona baba kwenye kigoda. Vumbi la wote halina ujinga.

"Endelea," nikasema.

"Sasa gunia likilowa, vile vyenye mbio zaidi vinachomoka, vinaenda na upepo. Vinavyobaki ni vya polepole. Mbio za vyote zinashuka. Ndiyo baridi hiyo."

"Kwa hivyo walioondoka ndio walioleta baridi." "Yule wa kwanza kutoka ndiye mwenye makosa."

Amoni akatikisa kichwa. "Yule wa kwanza akitoka, Nyanya, hakuna kinachobadilika ambacho mtu anaweza kukipima. Ungemrudisha, pia hakuna. Na kila wakati kuna wanaorudi. Wanarudi kwenye maji kweli. Kama hewa ingekuwa na unyevu, wangerudi wengi kama waliotoka, na gunia lisingepoa. Lakini hapa hewa ni kavu. Wanaorudi ni wachache."

"Kwa hivyo ni nani?"

"Ni ukavu."

Nilikaa pale mpaka kivuli kikahama. Baba, ambaye hakumpiga mbuzi hata mmoja kwa sababu ya vumbi, baba aliyejua kusoma wote bila kumtafuta mmoja, siku ilipofika nyumbani kwake alimtafuta mmoja. Na mmoja huyo ndiye pekee aliyekuwa anarudi na kaa mikononi.

Nikamwambia Amoni ampigie Ewoi. Simu ikalia sana ndipo akashika.

"Ejok," akasema.

"Ejok. Ewoi, nataka kukuambia jambo kuhusu moto wa baba."

"Umeshaniambia kaburini."

"Sikujua vizuri. Sikiliza." Nikamweleza vile nilivyoelezwa, maji, mbio, wanaotoka, wanaobaki. Nilichanganya mahali, Amoni akanisahihisha kwa ishara. Nilipofika kwenye ukavu Ewoi akakohoa.

"Ukavu hauna jina," akasema. "Baba alitaka jina."

"Najua. Na jina alilochagua halikuwa lenyewe."

"Basi nipe lingine."

"Hakuna."

Nikasikia upepo wa Kakuma kwenye simu, na honi ya basi, na mtu anaita abiria wa Lokichoggio. Nilidhani amekata.

"Haiwezekani," Ewoi akasema, na sauti haikuwa ya mzee tena. "Yule mtoto alikufa kwa baridi. Kama si Akai, basi ni mimi. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kijiti."

Miaka yote hiyo. Alikuwa anavuka barabara na viganja vyake.

"Si wewe pia, Ewoi," nikamwambia. "Sikia. Kijiti kilikuwa kimoja. Zamani hizo hata ungeshindwa kuwasha, ningekimbia kwa jirani na ungecheka. Hakuna kijiti kilichomuua. Majirani wote walikuwa wameshakauka."

Akakohoa tena, muda mrefu. Kisha akauliza, "Ule mfuko wa lori unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Ulinipoza viganja," akasema. "Sijawahi kusema. Nilisimama pale nikatamani nisitoe mkono."

Na akakata simu.

Siku iliyofuata binti wa Akai alimwandikia Amoni ujumbe. Ewoi alikuja asubuhi, ameshika kigoda, akaketi barabarani mbele ya jiko lililokufa na akauliza kama kuna chai. Wakamwambia hakuna, moto uliisha na mama. Akakaa. Baadaye akasimama akaenda kaburini peke yake. Walimtazama kwa mbali. Kama aliweka tumbaku ama alisimama tu, hawakuweza kuona, kwa sababu upepo uliinua vumbi. Mimi nasema aliweka. Siwezi kuapa.

Tumebaki sisi wawili kutoka yale maboma yote, mimi na Ewoi, wa polepole. Amoni anarudi chuoni. Amefunga vitabu vyake, na leo asubuhi nilimtemea mate kwenye paji la uso kama tunavyobariki, akacheka, punda wa jirani akageuka. Akienda nyumba hii itapoa. Naijua hiyo baridi, nimeshaishika kwa shavu. Nimemwambia aende haraka na asigeuke nyuma, na mtu akiniuliza nani ametoka na joto langu, sitamtajia jina.